Sketi Niliyomshonea Mama Mkwe

Mimi na mashine ya kushona hatujawahi kuelewana. Nilijaribu mara mbili kwa jirani, na mara zote mbili sindano ilivunjika, jirani akaacha kunisalimia kwa wiki nzima. Kwa hiyo ninashona kwa mkono, kama mama yangu mzazi alivyoshona katika nyumba yetu ya Vulamba, akiwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juani kwa sababu asubuhi za mji wetu wa Butembo zina baridi ya kuuma vidole. Alishona kofia za watoto wachanga, aproni za jikoni, jupon za kuvaa chini ya sketi, na mifuko ya begani aliyoiunga kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa mafundi wenye mashine. Mafundi waliviita takataka. Mama alipita kwao jioni na kikapu, akavichagua kimoja kimoja kama mtu anayechagua maharagwe.

Mshono wake ulikuwa mmoja tu, na ndio alionifundisha: sindano inakwenda mbele hatua mbili, inarudi nyuma hatua moja. Ni mshono wa kuchosha. Unatumia uzi mwingi na unakula siku.

"Mashini inakimbia," mama alikuwa akisema. "Uzi yake ikikatika pahali moja, nguo yote inafunguka. Ya mukono ikikatika, inabaki palepale inakungojea."

Mimi sikuzaliwa na subira. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, aliniamuru nifumue kofia ya mtoto mara ya tatu, nikaitupa kwenye jiko la makaa. Mama hakupiga kelele. Aliitoa kwa mwiko, akaifua, akanirudishia ikiwa na alama ya kuungua pembeni, akaniambia niendelee pale nilipoishia. Mtoto wa jirani aliivaa hiyo kofia hadi ikambana. Mama akasema haraka haraka haina baraka, na kwamba kichwa changu kigumu kitapata mwalimu wake siku moja. Kilimpata, lakini mwalimu mwenyewe alikuwa akiishi Beni, mji ulio bondeni chini yetu.

Niliolewa na mwana wa Beni, Mkatoliki wa tangu babu. Kwetu ni Waprotestanti, wa kwaya na maombi marefu. Yeye na mimi hatukuona tatizo. Tulipatana kwamba ndoa itabarikiwa kwao na mimi nitaendelea kusali kwetu, kisha tukapanga chumba na sebule Kimemi, hukohuko Butembo. Mbuzi walikwisha kutolewa, wazee walikwisha kunywa, wote walikuwa wameridhika isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, anayeuza mafuta ya mawese sokoni Beni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara. Hakunitukana hata siku moja. Kila tulipoketi kula, aliutazama tu mkono wangu wa kuume, aone kama utapanda kwenye paji la uso. Mkono ulibaki magotini. Badala yake nilifumba macho nikaomba kama tunavyoomba kwetu: nikashukuru kwa chakula, kwa wapishi, kwa wagonjwa, kwa wasafiri, kwa serikali. Nilipofumbua, alikuwa ameegemeza shavu kwenye ngumi.

"Amina," alisema. "Bugali imeshapoa."

Kisha, akikata tonge, aliniuliza kwa upole wa kutisha: "Kwenu habafanyaka alama ya musalaba?"

"Hapana, Mama."

"Aa," alisema, akachovya kwenye sombe, mboga yake ya majani ya muhogo.

Mkono mtupu haulambwi, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa zaidi ya kazi ya mikono yangu. Nikamshonea mfuko mdogo wa begani, na ndani nikautia mfuko mwingine wa kuwekea rozari yake. Akasema asante. Nikamshonea aproni ya sokoni, mifuko mitatu mbele, kwa sababu niliona akihangaika kutafuta chenji. Akasema asante. Nikamshonea kitambaa cha kichwa chenye pindo jembamba hivi kwamba nyuma huwezi kuuona uzi. Asante tena. Halafu wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye mdomo wake haukai na siri, akaniambia kwamba vyote vitatu vimekunjwa vizuri ndani ya sanduku, chini ya mablanketi, na kwamba Mama hajavivaa wala hajavibeba hata siku moja.

Nililia kwa hasira. Niliapa sitamshonea hata kishikio cha sufuria. Mume wangu aliponiambia nimpe muda, nilimwambia muda ampe yeye, mimi nampa mgongo. Lakini ukweli ni kwamba nilitamani mwanamke yule avae kitu changu hadharani, mara moja tu. Nilitamani hivyo kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Basi ikaja sikukuu ya parokia yao. Wamama wote wa kikundi chake walichapishiwa kitenge kimoja: rangi ya bluu ya mbingu, maua madogo meupe kila mahali, na hapa na pale, kwa nafasi ya karibu mita moja, duara kubwa lenye sura ya Bikira Maria, mikono ameifungua. Kila mama alinunua chake, na kila mama alikimbia kwa fundi wake. Fundi wa mama mkwe wangu alikuwa mwanamke jirani, aliyemshonea kwa miaka mingi, lakini mwaka ule alikuwa amehama na watoto wake kwa sababu ya wasiwasi wa usalama. Mafundi wengine walikuwa wamejaa mpaka juu. Wote walimwambia arudi baada ya sikukuu, jambo ambalo ni sawa na kumwambia mtu aje kula baada ya vyombo kuoshwa.

Zilipobaki wiki mbili, dereva wa basi dogo linalopanda kutoka Beni aliniletea kifurushi Kimemi. Ndani kulikuwa na kile kitenge, yadi sita, pamoja na libaya, blauzi yake moja ya zamani, na sketi yake, za kuchukulia kipimo. Ujumbe ulikuja kwa simu kupitia wifi.

"Mama anasema, kama unaweza, ushone. Kama hauwezi, urudishe kitambaa yake nzima, hapana vipande-vipande."

Niliruka. Nilichukua kitenge nikaenda nacho mbio Vulamba kwa mama yangu, maana meza ya kwetu ni ndefu na mkasi wa mama unakata vizuri kuliko wangu. Tulikitandaza. Mama yangu alikitazama muda mrefu, akazitazama zile sura za Maria zikimtazama kutoka kila pembe ya meza yake, meza ambayo juu yake hapajawahi kulala kitu kingine zaidi ya Biblia, kitabu cha nyimbo na mboga. Katika kanisa letu hakuna picha. Hakuna sanamu. Ukutani kuna saa tu, nayo imesimama.

Saa ya maombi ya jioni, mama alikifunika kitenge kwa shuka. Tulipomaliza kuomba, alilitoa lile shuka, akalikunja, akasema:

"Shona muzuri. Hata yeye alikuwa mama ya mutu. Unafikiri nguo za mutoto wake nani alikuwa anashona?"

Sijasahau neno hilo. Mahubiri mengi niliyosikia juu ya Maria, kwetu na kwao, hayakunisogeza kama sentensi hiyo ya mwanamke mwenye sindano mdomoni.

Libaya ilinitoa jasho. Ni blauzi ya kubana kiunoni, na chini yake kuna marinda yanayoruka juu ya nyonga. Sura ya kwanza niliiweka kifuani, katikati kabisa, nikapima mara nne kabla ya kukata. Kisha nikafikiria nyuma. Mama mkwe angebeba matoleo kwenye maandamano, na watu wangemfuata. Wangeona nini mgongoni? Nilitaka waone Maria. Lakini libaya inafungwa kwa zipu nyuma, tangu shingoni hadi kiunoni, na zipu ingempasua uso wake katikati. Hilo sikuliweza. Nikasema, hapana, mgongoni pabaki na maua. Maria wa nyuma nitamteremsha chini, kwenye sketi, ambako hakuna zipu. Sketi nitaifunga kwa vishikizo ubavuni.

Sasa, sketi ya mwanamke mwenye nyonga kama zake, kwetu tunaikata nyuma vipande viwili ili ikae vizuri. Maana yake sura ingekuwa nusu huku na nusu kule, halafu mshono uziunganishe. Fundi mvivu angeacha pua iende njia yake na jicho njia yake. Mimi nilikaa na mshono huo siku tatu. Nilishikiza kwa nyuzi ndefu, nikageuza, nikatazama, nikafumua. Nilishikiza tena. Mkono mmoja wa Bikira ulikuwa juu kidogo kuliko mwingine, nikafumua. Mimi niliyechoma kofia ya mtoto nilifumua mara saba bila kutupa kitu! Siku ya tatu jua likiwa linaondoka mlangoni, nusu mbili zilikutana. Uso ulikuwa mzima, macho sawasawa, huwezi kuona uzi umepita wapi. Nilimwita mama yangu. Alivaa miwani yake, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka juu hadi chini.

"Ei," alisema. "Hii, hata mashini itasikia haya."

Tulisimama pale, Waprotestanti wawili, tukakiangalia kwa furaha kile tulichokifanya. Sketi ilikuwa imetandazwa juu ya meza. Na mezani, naomba mnielewe, sketi haina mtu ndani yake.

Mtu pekee ambaye angegundua alikuwa mume wangu, naye alikuwa Manguredjipa na mzigo wake wa sabuni, chumvi na mabuti ya mvua ya kuwauzia wachimbaji dhahabu. Huko ili upate mtandao wa simu lazima upande kilima. Alipanda, akanipigia, upepo ukisikika kwenye simu kuliko yeye mwenyewe.

"Nguo ya Mama umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na Maria umemuweka wapi?"

"Mbele na nyuma. Katikati kabisa."

"Ah, muzuri! Mama atafurahi sana."

Kuuliza si ujinga, nasi tulikuwa tumeulizana na kujibiana vizuri. Nilikata simu nikiwa na amani ya moyo.

Jumamosi ile niliteremka Beni na kifurushi mapajani, nimekifunga ndani ya karatasi na kitambaa juu ya karatasi ili vumbi la barabara lisikiguse. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, nikaanza kuvua, kwanza sweta, kisha kitambaa cha shingo. Mama mkwe hakuwapo. Alikuwa parokiani tangu asubuhi, anapika na wenzake. Alirudi amechoka, ananuka moshi na vitunguu, akakiona kifurushi juu ya kitanda chake. Alikigusa kwa ncha ya vidole.

"Nitaangalia kesho," alisema. "Mikono yangu ni michafu."

Asubuhi aliniita chumbani mwake. Alikuwa amekwisha kuvaa, amebakiza zipu tu. Niliivuta taratibu hadi juu. Ilipanda bila kukwama hata mara moja. Alijitazama kwenye kioo chake kidogo, akakiinua, akakiinamisha, maana kioo kile kinaonyesha mtu kwa awamu. Libaya ilimkaa. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, marinda yalisimama. Alimwangalia Maria kifuani mwake, akaweka kiganja juu ya sura, na uso wake wote ukalegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilifikiri moyo wangu utatoka. Nilijua kwamba leo atatoka nje amevaa mikono yangu.

Hapo ndipo wifi alipoingia na beseni la maji. Alisimama nyuma ya mama yake. Akatazama chini. Beseni likainama, maji yakamwagika sakafuni.

"Mama!" alisema. "Sasa leo utamukalia nani?"

Nilitazama alikotazama. Bikira Maria, mikono ameifungua, uso mzima, macho sawasawa, alikuwa ameketi barabara juu ya makalio ya mama mkwe wangu.

Kuna aibu inayokuja moto, na kuna inayokuja baridi. Hii ilikuja baridi, kutoka miguuni. Mama mkwe alipeleka mkono nyuma akapapasa, kama mtu anayetafuta kama kuna kitu kimemgusa. Alielewa. Alinitazama. Nilijua anachokifikiria, au nilidhani ninajua: huyu binti wa Waprotestanti amefanya kusudi. Ningekuwa yeye, mimi na hasira zangu, ningefikiri hivyohivyo.

"Mama, sikujua," nilisema. "Naapa, sikujua. Nilitaka zipu isimukate sura."

Wifi alikuwa anajaribu kusaidia. Alichukua kipande cha tatu cha kitenge hicho, kile cha kujifunga kiunoni juu ya sketi, akamzungushia mama yake haraka. Alipomaliza kufunga alirudi nyuma kutazama, na hapo duara jingine lilikuwa limetua juu ya lile la kwanza.

"Sasa bamekuwa babili," alisema kwa sauti ndogo, akakifungua.

Nilianza kulia. Nilimwomba avae nguo yake nyingine, akae na wale wasio na sare, na mimi nitawaambia wenzake kwamba ni mimi niliyechelewesha kazi. Nilimwambia nitafumua sasa hivi. Lakini mshono wa kurudi nyuma haufumuliki kwa dakika kumi, nami nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Kengele ya kanisa ikalia. Nilisubiri aniambie nimfungulie zipu.

Mama mkwe alichukua kitambaa cha kichwa cha sare, akakifunga, akakaza fundo.

"Imelia ya pili," alisema. "Twende."

Njiani alitembea katikati ya wenzake, mistari na mistari ya bluu, na kwa kuwa wote walikuwa wanatembea na kuimba hakuna aliyetazama sketi ya nani ina nini. Mimi na wifi tulifuata. Ndani ya kanisa wamama wa sare waliingia viti vya mbele, sisi tukakaa safu ya nne nyuma yao, mimi mwisho kabisa wa benchi.

Lazima niseme jinsi ninavyosali misa. Sijui lini watu wanasimama na lini wanaketi. Kwetu tunasimama kuimba na tunaketi kwa yaliyobaki, basi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilikuwa na ujanja: ninamtazama mama mkwe. Akisimama, ninasimama. Akipiga magoti, ninapiga. Siku ile nilifanya vilevile. Tulisimama kwa wimbo wa kuingia, tukasimama kwa wimbo wa Utukufu. Kisha watu wote wakaketi kwa masomo, kanisa zima likashuka kwa kishindo kimoja cha mabenchi. Mama mkwe hakuketi. Nami sikuketi.

Somo la kwanza likasomwa. Alikuwa bado amesimama, mgongo wima, mikono ameshika benchi la mbele yake. Wifi alinivuta nguo. Sikuelewa. Nilifikiri labda ni heshima ya sikukuu, labda anayebeba matoleo anasimama. Ikaja zaburi, likaja somo la pili. Wamama wa pembeni yake walianza kumtazama. Mmoja alipigapiga benchi kumwonyesha nafasi. Aliitikia kwa kichwa, akabaki alivyo. Na hapo, polepole, ikaniingia. Hataki kumkalia.

Padri akaanza mahubiri. Alikuwa padri wa kupenda mahubiri. Mama mkwe ana magoti mabaya. Nyumbani huinuka kwenye kigoda kwa hatua tatu, kwanza mkono, kisha pumzi, kisha mwili. Niliona anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilisema moyoni, kaa, Mama, tafadhali kaa, Mungu anaelewa. Hakukaa. Mama mmoja wa protokole, wale wanaopanga watu kanisani, mwenye mshipi mwekundu begani, alimjia akainama kwake.

"Mama, ukae. Batu ba nyuma habaone."

Nimeshasema kwamba sauti ya mama mkwe wangu ni ya sokoni. Haijui kunong'ona. Alifikiri ananong'ona, lakini safu sita zilimsikia, na nafikiri hata padri, maana alinyamaza kidogo.

"Muniache nisimame," alisema. "Hii nguo, bibi ya mutoto wangu njo alishona. Na mukono, hapana na mashini! Nikikaa, itakunjana."

Bibi ya mutoto wake, yaani mke wa mwanawe, ni mimi. Watu walicheka kidogo. Wamama wa sare waligeuka kunitafuta. Wakaniona, kwa sababu katika kanisa zima walikuwa watu wawili tu waliosimama bila sababu, na mmoja ni mimi. Mama wa protokole aliitazama libaya kifuani, akagusa mshono wa bega kwa kidole, akasema, "Ni vya kweli, ameshona muzuri," akaondoka.

Sikusikia mahubiri yaliyobaki. Machozi yalikuwa yanashuka tu, sikuyafuta, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika benchi. Mwanamke ambaye nilikwisha kumpa mgongo alikuwa ameniwekea jina langu juu yake mbele ya parokia nzima, na alikuwa analilipia kwa magoti yake. Nilimpenda wakati ule, tena nilimpenda kwa nguvu. Wifi alininong'oneza sasa nikae, watu wanatazama. Nilimwambia aniache. Tulisimama kwa mahubiri, kwa matoleo, ambayo aliyapeleka amezungukwa na wenzake wa bluu, kwa matangazo, na matangazo ya sikukuu hayana haraka.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani, akaniita. Hakugusa kitanda.

"Nifungulie."

Nilivuta zipu, nikafungua vishikizo vya ubavuni. Alitoka ndani ya sketi mguu mmoja baada ya mwingine, akiniegemea begani kwa uzito wake wote. Aliitandaza juu ya mto, sura ikiwa juu. Ndipo, akiwa na jupon tu, alijiachia kitandani, na kitanda kikalalamika. Miguu yake ilikuwa imevimba, alama ya viatu imezama kwenye nyama. Aliufunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutetemeka, nikapiga magoti mbele yake nikidhani analia.

Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakohoa.

"Padri naye!" alisema. "Leo njo siku alipata maneno!"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamwomba msamaha tena, nikamweleza juu ya zipu, na meza ya mama yangu, na siku tatu za kuunganisha nusu mbili. Alinisikiliza. Alipoona nimeanza kuzunguka kwenye maneno yaleyale, alinyoosha mkono.

"Leta mukasi."

Nilileta mkasi, nikachukua sketi, nikaenda nayo dirishani kwenye mwanga ili nianze kufumua. Nilikata uzi wa kwanza. Mama mkwe alinitazama nikiwa nimesimama pale, kisha akajisogeza kwa shida, akapiga kiganja juu ya godoro kando yake.

"Kuja ukae," alisema. "Na wewe ulisimama misa yote. Nilikuona."

Nikaketi. Tuliilaza sketi juu ya mapaja yetu, akashika upande wake na mimi nikashika wangu, tukaanza kuvuta nyuzi.